Fundo la Miguuni

Basi mpaka leo, shoga yangu Zuwena, mwanao hajakiwachia. Kidole kakitoa, lakini kile kidude cha gemu kakifunga kwa mpira, mpira wa kufungia vipaketi vya bizari, na tivi inawaka asubuhi mpaka asubuhi, na mie kupita mlangoni kwake nnaogopa.

Nnasema kama vile ulikuwa nasi jana. Tangu masika hujatia mguu nyumba hii, na bado nikisikia ngazi zinalia nnasema, huyo Zuwena anashuka. Ngoja nikusimulie vizuri. Raya mkweo ndiye aliyeshika kalamu, mie nnasema tu. Ananambia, Mama Kheri, ukienda mbio mkono wangu haufiki. Nami nnamwambia, mwanangu, mie nikienda pole pole nitalia, bora twende mbio. Unajua mwenyewe, chuoni nilifika alifu na be, nikatolewa nikamlee ndugu yangu. Hilo usiliandike, Raya. Haya, nshaona ushaliandika.

Ni Nassor, mwanao. Mtu mzima, ana ndevu zake, ana mke, fundi wa viyoyozi anayeitwa mahoteli yote, na sasa simu ikilia haitizami. Anatizama tivi. Uliponishika mkono pale kitandani ukanambia, "Kheri, nichungulie mwanangu," nilidhani umekusudia nimpelekee chakula. Nimempelekea chakula. Haikutosha.

Hakulia, Zuwena. Siku ya maziko yako watu walimshika mabega, usilie, machozi ya walio hai yanamtaabisha maiti, jikaze mwanamme. Akajikaza. Akajikaza mpaka akawa kama ule mlango wetu wa uani mvua zikishika, umevimba, husukumi wala huvuti. Tukamaliza hitma, tukamaliza arobaini, jicho kavu. Kisha akaleta hili gemu. Mie nikafurahi. Nikasema, afadhali achezee kitu kuliko kukaa kutizama ukuta.

Siku moja nikampelekea mkate wa kumimina, nikamkuta analia. Machozi mpaka kwenye ndevu. Nikatizama, naona katuni. Nikamwambia, "Nassor, na ndevu zote hizo unalilia katuni?" Akanambia, "Kaa, Mama Kheri, utizame."

Nikakaa. Zuwena, kuna mtoto na mama yake wanapita jangwani. Mama haoni. Nassor akibonyeza kidude kimoja, kiko kwenye ile pedi ya kuchezea anayoikamata, chini ya kidole cha shahada, mtoto anamshika mama mkono, wanakwenda. Akikiwachia, mikono inaachana, mama anasimama pale pale anageuza shingo huku na huku kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Hasemi. Anageuza shingo tu. Basi yataka ushikilie, upande mlima ushikilie, uje upepo ushikilie. Na ile pedi inatetemeka, tuku, tuku, kama mshipa wa shingoni. Nassor alinipa nikamate. Ilinipiga kiganjani nikaitupa mapajani mwake. Kitu hakina damu, kina moyo. Nilikwenda kunawa mikono, walahi, na nilikuwa sijashika kitu kichafu.

Raya anasema magemu kama haya yapo mengi, na watu dunia nzima yanawaliza, tena wanaandikiana kwenye simu, mie nililia pahala fulani, mie nililia pale. Nikamwambia, wao wanalia kisha wanazima. Huyu wetu hazimi.

Maana walifika mtoni, wale wawili. Ng'ambo pana mwanga. Mama anageukia ule mwanga, na juu yake pakaandikwa neno. Nikamuuliza Raya, limeandikwaje? Akasema, linamwambia, wachia mkono. Peke yake hilo. Ukiwachia mama anavuka, gemu limekwisha. Nassor hakuwachia. Alikaa na kidole pale mpaka kidole kikafa ganzi, ndipo akaenda jikoni akachukua ule mpira akafunga. Na ukizima hapo, anasema, gemu linahisabu kuwa ushawachia. Kwa hivyo haizimwi. Kanunua betri kubwa kama sanduku la sabuni, ya kushika umeme ukikatika. Kazini haendi. Analala kwenye mkeka mbele ya yule mama kipofu aliyesimama ukingoni mwa maji, na mtoto kamng'ang'ania.

Majirani washaanza. Kaingiliwa na shetani, kijana, mpelekeni akatizamwe. Mie nikawajibu vibaya, unanijua mdomo wangu, lakini nikarudi ndani nikatia makaa chetezoni, nikafukiza ubani mbele ya tivi. Nikasoma nilichokijua. Moshi ukajaa chumba, Nassor anakohoa, ananambia, "Mama Kheri, utaikaanga." Akacheka kidogo. Ndicho kicheko pekee nilichokisikia kwake tangu masika, nikasema alhamdulillah, ubani haujapotea.

Lakini khofu haikutoka. Nnakuambia weye tu, na Raya kwa kuwa hana budi. Nilikuwa nikimtizama yule mama wa kwenye tivi nnaona kanga yako. Hana kanga, kavaa kitambaa cheupe tu. Lakini nikiona kanga yako. Nikajiuliza, je, kama huku kushikwa kwake ni kushikwa kwako? Kama mwanao kamfunga yule kwa mpira, na weye kule hupati kwenda?

Sasa lililotukuta juzi alasiri. Umeme ulipepesa, mara moja tu, na ile betri ikachelewa kushika. Tivi ikawa nyeusi kisha ikarudi pale pale, gemu lenyewe halikuzimika, Mungu saidia. Lakini Nassor aliita, "Mama!" Hakuniita mie. Sauti ile nimeisikia kwake akiwa na miaka minne, alipobanwa vidole na mlango. Mie na Raya tukakimbilia chumbani. Yuko magotini kashika kioo cha tivi kwa viganja viwili. Akasema, bila ya kututizama, "Fundo la miguuni. Sijui kama nililifungua."

Zuwena, nikamwambia, sema yote, mwanangu.

Akatwambia. Siku ile makaburini Kidichi mvua ilivyomwagika, weye hukuiona, na sie wanawake tuliobaki nyumbani tulikuwa tunasikia bati tu. Wanaume wametandaza shuka juu ya kaburi, maana mwanamke hazikwi wazi, na maji yanajaa kwenye shuka, na chini yake giza. Yeye na mjomba wake ndio walioingia kukupokea. Wakakulaza kwenye mwanandani, ubavu, uso kibla. Kamba za sanda akazifungua yeye, ndiyo haki ya mtoto. Ya kichwani kafungua. Ya kiunoni kafungua. Hapo juu watu wanapiga kelele, haraka, maji yanaingia, ukuta utaanguka, na mjomba anadai mbao za kukufunikia. Anakumbuka mbao. Anakumbuka kupandishwa kwa mikono. Ya miguuni hakumbuki. Kila akifumba macho anaiona imefungwa.

Na lile la miguuni, shoga, nililifunga mimi.

Sikumwambia palepale. Nilikaa kitako. Unakumbuka kikapu? Mie chini, weye darini, nikipika nnakufungia bakuli kwa kitambaa, unakivuta kwa kamba dirishani, kisha nnasikia unagombana huko juu, mwisho unachukua kisu. "Kheri weye ukifunga, hafungui ila Mungu." Miaka yote hiyo, vitambaa vyangu vyote vina tundu la kisu chako. Na siku tunakukosha, mwosha mkubwa alinambia, "Fundo la kuvuta, Kheri, si la kikapu." Nikasema naam. Nilifunga nnalia kimya kimya, sioni. Nilifunga la kuvuta. Nnasema nilifunga la kuvuta. Lakini mikono ya mtu ina mazoea yake.

Ule usiku sikufumba jicho. Alfajiri nikamuuliza maalim wa msikiti wetu, nimesimama dirishani kwake na buibui, sikukubali hata kuingia. Nikamuuliza, maiti akilazwa na fundo moja? Akasema, bibi, kufungua ni suna, mkisahau hapana dhambi wala kaburi halifukuliwi, na kitambaa hakimzuii mtu kwa Mola wake. Nikamshukuru. Nikarudi njia nzima nnasema hakimzuii, hakimzuii, na nilipofika mlangoni nshaanza tena kuogopa. Elimu ilikaa kichwani, khofu iko tumboni, hazikutani.

Leo asubuhi nikamwambia Nassor. Nikamwambia, fundo lile ni langu, na nikamwambia la kikapu pia, nikasema potelea mbali, anitukane. Hakunitukana. Akaniuliza, "Ulilifungaje?" Nikachana utepe kwenye bafta ya sanda yako iliyobaki, nikamwambia Raya, nipe miguu yako mwanangu. Raya kakaa kwenye mkeka kanyosha miguu, na mie nikamfungia juu ya kanga yake nimefumba macho, ili mikono ifanye yenyewe kama siku ile. Kisha nikamwambia Nassor, fungua. Na weye fumba.

Akapapasa. Akashika ncha, akavuta. Likafunguka, Zuwena, bila hata sauti.

Alikaa na ule utepe mkononi. Nikamuuliza, vipi? Akanambia, "Kama vile nishalivuta hili." Kama vile. Sikumlazimisha aseme hakika. Raya akasema tulifunge tena ajaribu, nikamwambia hapana. Khofu nyengine mtu akizijaribu mara mbili zinakua.

Sasa kajifungia na tivi yake, na mie nimekuja huku ukumbini nikamwambia Raya chukua kalamu, maana nilikuwa na maneno na sina wa kumpa ila weye. Nnaogopa atawachia, nnaogopa hatowachia. Akiwachia yule mama akavuka, je, nyumba hii itabaki na nini? Mie pia nilishazoea kumuona pale ukingoni. Hilo sijamwambia mtu. Asubuhi nikipita mlangoni, kwa khofu yangu yote, nnachungulia kama yupo.

Kikapu bado kinaning'inia dirishani kwako. Nimekizuia kisichukuliwe. Uji wa Ramadhani sijui nitampandishia nani.

Shoga yangu, lala. Kama ile kamba imefunguliwa, lala. Kama haikufunguliwa, basi ulisema mwenyewe nani anayefungua mafundo yangu, mwite. Nnakuahidi Ijumaa nitamtoa mwanao humo ndani, kwa heri ama kwa ubani, twende naye Kidichi. Yeye atakaa kichwani pako, mie nitakaa miguuni, na tutakulilia kwa sauti yetu, na anayesema machozi yanakutaabisha aje anitoe. Mtoto alilie mama yake, asililie tivi. Na utepe huu ntakuja nao, nimeufunga kwenye pembe ya kanga, lakini si kwa nguvu, nimeuzungusha tu.

Na kitu kimoja, Raya andika, na kitu kimoja, lile bakuli lako la buluu...

Ananiita. Umesikia, Raya? "Mama Kheri, njoo. Nshautoa mpira. Nimekishika kwa kidole, njoo ukae na mimi."

Naam, baba. Nnakuja. Usiwachie mpaka nifike. Raya, weka kalamu, nishike mkono, magoti haya.