Kiti cha Shemeji

Nyumba ya Kona, Ghorofa ya Pili,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao, na huyo mjukuu ambaye kwa picha ulizotuma amerithi masikio yangu, pole yake. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko? Na usingizi je, siku hizi unaupata?

Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu, anasema mdogo wako nimezeeka ghafla. Kwa mara ya kwanza hakosei. Barua hii naiandika nimesimama, karatasi juu ya kabati la vyombo, kama karani wa posta.

Unajua kwamba marehemu mumeo alipotutoka, meza yake pale ofisi ya bima nilipewa mimi. Usilolijua ni kwamba kiti chake sikukirekebisha. Niliona kukipandisha ni kama kumwambia shemeji ahame. Nikakaa vilevile alivyokiacha: chini mno, kimelalia kushoto, magoti yangu yakikaribia kidevu. Wenzangu wakacheka, nikacheka nao.

Mwaka jana mgongo ukaanza. Upande wa kushoto, palepale alipokuwa akijishika yeye. Kisha mguu ukaingia ganzi. Siku moja nilikuwa natembea koridoni, nikamsikia mama wa usafi nyuma yangu: "Bwana Taratibu, leo umechelewa." Ofisini hapakuwa na mwingine aliyeitwa hivyo, kwa mwendo wake wa kuburuta mguu, ila mumeo. Nilipogeuka, yule mama aliweka ndoo chini, akashika ukuta. Hakuniomba radhi, nami sikumlaumu.

Wifi yako akanikokota kwa daktari wa mgongo, wale wanaonyoosha uti kwa mikono. Alinilaza kifudifudi, akanibonyeza pingili moja moja kama anayetafuta ufa.

"Kiti chako alikipima nani?"

"Shemeji yangu."

"Mlete naye nimtazame."

"Haji huyo, daktari. Tulishamzika."

Akabonyeza pingili iliyofuata. "Basi wewe ungali hai, baba. Kaa kama mtu aliye hai."

Akanifundisha: nyayo zikanyage sakafu, magoti yalingane na nyonga, kioo cha kompyuta kije usawa wa macho, na kila saa niinuke nitembee. Akasema pia, bila mzaha, kwamba ganzi ikifika kwenye unyayo, mguu huo nitauburuta hadi mwisho, na mikono yake haitakuwa na la kufanya. Nilipokuwa navaa viatu akauliza, "Na huko kushoto unakoegemea, kuna nini?"

Nikamjibu ni dirisha tu.

Kesho yake nikalitazama. Pazia lake la vipande vya plastiki limekwama tangu zamani kabla ya kufika chini, na chini yake imebaki nafasi ndogo. Ukikaa wima huoni kitu. Ukikaa chini, ukaegemea kushoto, unaliona geti la shule uliyokuwa ukifundisha. Kengele ikalia, walimu wakaanza kutoka na mikoba yao.

Dada, uliukanda mgongo ule kila jioni na kumgombeza akae vizuri. Kumbe hakukwambia alikuwa akitazama nini.

Nikakipandisha kiti, geti likapotea. Mgongo ukashukuru. Lakini kengele ya shule ilipolia, kiti kilikuwa kimeshuka. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Fundi anasema gesi inayokiinua imekwisha, nami namwamini. Ila gesi ikiisha, kiti kingeshuka mpaka chini kabisa. Hiki kinasimama palepale alipokiacha shemeji.

Nimepata kiti kipya, na ganzi imeanza kurudi nyuma. Cha zamani walitaka kukitupa, nikakataa, nimekisogeza dirishani. Kengele ikikaribia, nainuka kama daktari alivyoagiza, natoka koridoni kunyoosha mgongo. Mlango naurudisha polepole.

Nawe unayeketi ukikata na kushona mchana kutwa, inua meza hiyo ya cherehani. Usinifuate mimi.

Msalimie mwanao, mkwe wako, na mwenye masikio. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, akupe usingizi mtamu.

Ukija likizo, simama kidogo pale getini walimu wanapotoka. Punga mkono kuelekea dirisha letu. Mimi sitakuwamo chumbani.

Akupendaye siku zote,
Mdogo wako.