Uwanja wa Mama Ulikuwa Umefagiwa

Jumatano, Likombe. Joto la kunata, mawingu yamejaa na mvua haishuki.

Mama yangu yuko hai. Naanza na hilo.

Ana miaka sabini na tisa na anaishi peke yake, mtaa wa pili kutoka kwangu. Nimembembeleza ahamie kwangu mpaka nimechoka. "Kwa mtoto ni kwa mtoto, kwangu ni kwangu," ndiyo jibu lake miaka yote.

Kila alfajiri hufagia uwanja kwa fagio la chelewa, taratibu, ameinama. Jirani yake, Bi Somoe, akifungua dirisha na kuona mistari ya fagio, anajua mwenzake kaamka salama. Akikuta majani ya mkorosho hayajaguswa, anakwenda kugonga mlango. Hakuna aliyewapangia. Hata mimi nilikuwa sijui, leo ndiyo nimeambiwa.

Wiki iliyopita nikajitia mtoto mwema. Nikauonea huruma mgongo wa mama, nikawa napita baada ya swala, nafagia chapuchapu, kisha nakimbilia dukani kwangu. Mama alinuna, nikapuuza. Tenda wema nenda zako, wanasema. Nami kweli nilikwenda zangu.

Leo nimefagia uwanja, mlango wake ukiwa umefungwa. Nikadhani bado yuko kwenye mswala. Masikio nilikuwa nimeyaziba kwa vile vidude vya simu, nasikiliza mawaidha.

Kumbe mama alikuwa chini.

Aliteleza akifuata maji ya udhu, akashindwa kunyanyuka. Bi Somoe kaona uwanja safi, akatulia. Saa saba mchana alikwenda kuomba pilipili, ndipo akasikia mtu anaguna ndani.

Hospitali wamesema hakuna mfupa uliovunjika. Nyonga imevilia damu, apumzike tu. Nililia pale pale kwenye benchi, watu wakinitazama.

Kisha kaka Hamisi akapiga simu kutoka Dar. Ijumaa anakuja kumchukua mama, na nyumba itafungwa. Mtu analala chini nusu siku na hakuna anayejua? Basi, alisema, kuishi peke yake kumekwisha. Mama akaomba simu, akamwambia kwa upole, "Sikuita, mwanangu. Nilipitiwa na usingizi."

Simu ilipokatika nikamuuliza kama ni kweli.

"Nilikuita, Zuhura. Nilikuita mpaka sauti ikakauka. Fagio lako nilikuwa nalisikia."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo mama amedanganya ili mimi nisilaumiwe, na uongo huo ndio utakaomtoa nyumbani kwake. Kaka anaamini mama hana wa kumwangalia. Anaye, tena wa kila siku, na mimi ndiye niliyemfumba macho huyo jirani kwa usafi wangu.

Naogopa ulimi wa kaka, sifichi. Akishika kosa la mtu haliachi mpaka Idi mbili zipite. Lakini nikimfikiria mama amekaa huko Dar kwenye kiti cha watu, akingoja kuambiwa kuwa chakula tayari, naona aibu kwa huo woga wangu.

Nimebonyeza namba ya kaka. Inaita. Nimeyaandika maneno hapa ili nisiyabadilishe akipokea: Kaka, mama aliita. Mimi nilikuwa hapo nje, sikumsikia.