Kitabu Ambacho Mjukuu Hakukisoma

Jumapili, 8 Machi

Mwanangu alikuja na binti yake. Ugomvi waliuanza kwenye gari, wakaja kuumalizia kwangu. Mjukuu yuko mwaka wa kwanza chuoni, anasoma fasihi. Baba yake anauza vipuri vya magari na ndiye anayelipa karo. Anataka ahamie masomo ya ugavi. Mwisho wa kuhama ni Ijumaa, saa sita mchana.

Mwanangu anauliza kama fasihi italiwa. Hadithi si mtu anajisomea tu kitandani?

Hilo la kitandani sikuweza kulipinga, maana ndivyo ninavyosoma mimi. Mengine nilimweleza, kwa kirefu kama kawaida yangu. Fizikia niliyoifundisha hadi nikastaafu inakuambia kitu kikiachiwa kutoka juu kitachukua muda gani kufika chini. Haikuambii ukae vipi na mtu aliyeangukiwa nacho. Hayo nimeyapata kwenye riwaya, tena kwa kuzisoma ovyo — kwenye foleni ya benki, kwa daktari, dibaji nikiziruka. Je, anayefundishwa kuzisoma?

Mjukuu akanikonyeza. Mwanangu akasema bibi na mjukuu ni chama kimoja. Mwisho tukakubaliana: niisome insha yake ya kwanza, kisha niseme kama anafaa kuendelea. Nitakalosema, baba atalifuata. Mzigo huo sikuuomba.

Jumatatu, 9 Machi

Insha nimeisoma mara mbili. Ni juu ya riwaya ninayoipenda, nakala yake ninayo rafuni. Lugha imenyooka. Dhamira, migogoro, falsafa — kila kitu kwenye kisanduku chake.

Ukurasa wa tatu anaandika kwamba mjane "anabubujikwa na machozi ya msiba". Huyo mjane halii. Kitabu kizima halii! Wiki ya mazishi anauza kitanda, majirani wanamsema, na wewe msomaji huna pa kumweka. Aliyekisoma hawezi kukosea hapo. Ni kama mtu aseme amefika kwangu, kisha asifie ngazi, na nyumba haina ghorofa.

Hakukisoma. Na mimi jana nimetoa mhadhara.

Jumatano, 11 Machi

Nimemwita.

— Mke mwenzangu, kile kitabu umekisoma?

— Nimekipitia, Bibi.

— Umekipitia kama barabara?

Akacheka, halafu akaacha. Amesoma muhtasari wa mtandaoni. Anasema nusu ya darasa wanafanya hivyo na alama wanapata. Akaniuliza kama nitamwambia baba yake.

Nilitaka kukasirika, nikabaki nafikiri. Kama alama zinapatikana bila kusoma, pale wanafundishwa nini? Lakini fizikia nayo ina wakariri wake, na sikuwahi kusema ifutwe kwa sababu yao. Wala sikuwahi kuwatetea mbele ya wazazi wao.

Nimempa nakala yangu. Alale hapa, akisome, kisha aamue. Akitaka kuhama baada ya hapo, nitamsindikiza mwenyewe. Asipokisoma, ukweli nitausema mimi.

Jioni mwanangu kapiga simu: insha ikoje? Nimemwambia aje Ijumaa.

Alhamisi, 12 Machi

Anasoma. Asubuhi kwa miayo, simu kando ya mkono. Mchana simu imesahauliwa jikoni, inaita peke yake.

Sijamwuliza kitu. Kwa mtu wa kueleza kama mimi, hii ni adhabu.

Ijumaa, 13 Machi

Mwanangu ameingia na funguo za gari mkononi, kiti hataki. Njiani kuna msongamano, anasema, twende.

Mjukuu katoka chumbani, macho mekundu, kitabu mkononi. Hata shikamoo hakutoa. Kaja moja kwa moja kwangu: yule kijana, mdogo wa mjane, kaonewa, mwandishi kamtupa tu. Nikasema kijana ndiye aliyemfilisi dada yake kwa biashara zake. Akasema sijasoma vizuri, nirudi sura ya tisa. Mimi, nirudi sura ya tisa! Nimerudi. Nusu ya anayosema ni kweli.

— Twende, baba yake akasema. Insha Mama atanieleza tukirudi.

— Baba, insha haifai. Niliandika kabla sijasoma.

Mwanangu akanigeukia. Nikasema ni kweli, nilijua tangu Jumatatu. Akavuta pumzi kama mtu aliyeuziwa kipuri bandia.

— Kwa hiyo unahama.

— Sijui. Nisikilize kwanza, halafu useme wewe huyu kijana alikosa nini.

Nimewaachia sebule. Naandika hapa jikoni, mlango wazi. Mjukuu anasimulia haraka haraka, anarudi nyuma, anajisahihisha. Saa tano imeshapita. Mwanangu bado kasimama, lakini sisikii tena funguo zikilia mkononi.

Sasa kamkatiza. Anauliza huyo kijana mtaji alipewa na nani, na kwa makubaliano gani.

Mjukuu anafunua kurasa, anatafuta.