Glavu ni Nguo

Lavington, Nairobi
Jumapili

Kwa dada yangu Syokau,

Pokea salamu nyingi kama mchanga wa mto Kaiti, wewe, shemeji Mbaluka na wale mbuzi wako wenye majina ya Biblia. Goti lako linaendeleaje? Likande na maji moto. Mimi ni mzima, nakula, nalala. Naandika kwa sababu kwa simu ukiguna tu naanza kutia chumvi, na leo sitaki.

Bado nalinda geti la watu hapa Lavington. Huko nyumbani niliwaambia mimi ni meneja wa usalama. Geti ni moja na mlinzi ni mimi peke yangu, kwa hivyo haukuwa uongo sana.

Unakumbuka ile katoni ya glavu za ngozi, za kudakia mpira, ambayo wafadhili wa ng'ambo waliiletea timu ya binti yako Ndanu? Kocha Tobias alitafuta mtu wa kuitoa forodhani. Nikajipiga kifua kwamba watu wa forodha wakiniona husimama wima. Kweli niliwahi kubeba faili za wakala mmoja wa forodha mjini, mwezi mmoja na nusu. Ndanu alizitaka kabla ya Jumamosi ya majaribio, maana golikipa atakayechaguliwa angesomeshwa na chuo hadi amalize.

Afisa alikuwa mama mmoja mpole, Waceke. Akanieleza kwamba katika kitabu chao glavu haziwekwi pamoja na mipira na raketi. Glavu ni nguo, hata za bondia. Ila za ngozi zilizoundwa mahususi kwa michezo zina nambari yao ya ushuru. Akaniuliza swali moja tu: je, hizi ni za mchezo peke yake?

Dada, jibu lilikuwa ndiyo. Basi. Mimi nikamwambia hajapata kuona glavu kama hizi. Nikamwambia hapa Lavington walinzi wanazivaa baridi ya Julai, watunza bustani wanakatia nazo miiba, na mimi mwenyewe nimeshika swila nazo, mkono mmoja kichwani, mwingine mkiani. Akacheka sana, akasema mzee unajua kusimulia. Kisha akaandika: matumizi ya kawaida. Katoni ikarudishwa stoo ichunguzwe upya.

Nilitoka mjini hadi Westlands kwa miguu. Siwezi kukuambia nilipita wapi.

Nilikuambia kwamba mpira uliomuumiza Ndanu ulipigwa na msichana mwenye mguu kama mchi. Alikuwa msichana mwembamba tu, na mpira ulikuwa wa kawaida. Kilichomuumiza ni glavu. Nilimpa jozi kabla ya majaribio, nikasema ndizo zenyewe, zimetoka forodhani, yeye wa kwanza kuzivaa. Zilikuwa za Nzau, mtunza bustani wetu, za kukatia michongoma. Nilizipaka kiwi ya viatu zikang'aa. Mvua ilipokuja zikateleza, vidole viwili vikapinda nyuma. Daktari anasema kimoja hakitakunjika tena. Chuo kilimchukua msichana mwingine, Cate. Nilingoja nilie, sikulia. Niko kama mguu uliokaliwa, dada. Najua ni wangu lakini siusikii.

Jumatano Tobias alienda mwenyewe kwa Waceke. Akaulizwa swali lile lile, akasema ndiyo. Katoni iko hapa kwenye kibanda changu cha getini.

Jana Ndanu alikuja kuzijaribu. Mkono wa kulia uliingia. Wa kushoto ulikwama kwenye bandeji. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumsimulia jinsi nilivyopambana na maafisa watatu. Akaivua ile ya kulia, akainusa, akasema tu kwamba hizi, mjomba, hazinuki kiwi.

Hadithi ya maafisa watatu ikaishia hapo.

Msomee shemeji barua hii yote, usiruke mahali. Mkija kumwona mtoto, mkishuka matatu hapo Dagoretti Corner mtaniulizia kwa jina langu, si kwa cheo. Mungu alitunze goti lako.

Ni mimi ndugu yako,
Mwololo, mlinzi wa geti