Askari Wangu ni Wengi

Tawa, Jumanne, Agosti 1984

Hapa Tawa hakuna mtu wa bahati kama mimi. Leo mtu wa maabara amepima damu yangu akasema chembe nyeupe ni nyingi, zimepita kawaida. Nikamwambia, "Hata sishangai, mimi ni jeshi zima!" Si ndizo zinakula vijidudu? Nilisoma hiyo darasa la sita, kabla ya kufukuzwa kwa kukosa karo.

Sokoni nikanunulia wachuuzi wote wa mbuzi chai na mandazi. Hata Mutiso, ambaye siku hizi ananiita Mifupa.

Jioni jirani yetu Sista Ndinda, wa dispensari, akapita. Nikajigamba. Hakucheka.

"Baba Mumo, mwili hauongezi askari bure. Unaongeza adui akishaingia. Homa ya usiku imeanza lini?"

Nikasema ni blanketi mpya tu, ni nzito. Mama Mumo akaniangalia. Ndiye huanika shuka zikilowa jasho.

Sasa amelala. Nimeweka kidole shingoni, nasikia damu ikipita. Askari wangu wanapigana na nani huko ndani? Na wakishindwa, huyu mama na watoto...

Bahati gani. Mimi ni mgonjwa, na ninaogopa.