Mashimo ya Mdaa

Kisanga, 12 Januari 1994

Mwanangu Devota,

Pokea salamu. U hali gani, na mumeo Yohana, kifua chake je? Mimi mwili hauna neno isipokuwa mguu. Moyo ndio mgonjwa, na aliyeuumiza ni wewe.

Jumamosi mjukuu wa jirani yetu Agnesi alitolewa nje baada ya unyago. Agnesi, kwa kunionea huruma na mguu wangu, hakuniagiza kitambaa cha mwali. Alikwenda kununua kwenye kibanda chako hapo Mikumi, akarudi anafurahi, maana kilikuwa na kikaratasi: "Rangi ya mizizi ya mdaa. Mama Hildegarda, Kisanga." Mwali katoka, ngoma zinalia, vigelegele, mvua ikashuka. Kitambaa kikachuja, Devota! Rangi ikamtiririka mtoto wa watu miguuni mbele ya umati. Wengine walicheka, wengine waliziba midomo. Mwali akaangua kilio, na wote wakageuka kunitazama mimi.

Tangu nizaliwe sijatia rangi nguo ikachuja. Bibi yako alizikwa na kitambaa changu cha zamani, na rangi ilikuwa bado imekolea. Nieleze, kile chako kimetoka chungu gani?

Mama yako


Mikumi, 19 Januari 1994

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba mguu uwe umepoa. Yohana kapata nafuu, anakusalimu.

Pole sana kwa yaliyotokea. Sikufichi, ile ni rangi ya unga, inatoka Dar. Lakini usikasirike kabla hujanisikia. Siku hizi ni soko huria, kila mtu anajitafutia. Mitumba imejaa mpaka Dumila, nani ananunua kitambaa kipya? Waliobaki ni wazungu wanaokwenda mbugani. Hao wanauliza rangi za asili, ila gari lao halisubiri mpaka wewe uloweke mizizi, uchemshe, uzike nguo ya amerikani kwenye tope, uifue, urudie tena. Mpaka kitambaa chako kimoja kikauke, mimi nimeshakosa wateja wa wiki nzima.

Jina lako niliandika kwa kukuheshimu, Mama. Na hapa barabarani kila mtu anafanya hivyo.

Mwanao, Devota


Kisanga, 24 Januari 1994

Devota,

Marahaba. Mguu umepoa, hasira haijapoa.

Eti kuniheshimu! Kama unga wako ni mzuri, mbona hukuandika jina lako? Na hilo soko huria lenu, tangu lini ruksa ya kuuza ikawa ruksa ya kudanganya? Baba yako, Mungu amrehemu, alipofariki kwenye mashamba ya mkonge Kimamba hakutuachia hata mbuzi. Watu walinijua kwa kitambaa kisichochuja, na kwa kitambaa hicho ulisoma mpaka ukajua kuandika huo uongo wako. Sina mali nyingine zaidi ya jina hilo.

Toa vikaratasi vyote. Kisha nenda kwa Agnesi ukamwombe radhi, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Na siku nyingine ukitaka kuandika mdaa, uwe mdaa kweli.

Mama yako


Mikumi, 31 Januari 1994

Mama,

Shikamoo. Vikaratasi nimevitoa na unga nimemrudishia aliyeniuzia. Kwa Agnesi nitakwenda, bado naona aibu.

Lakini na mimi nina hasira. Miaka yote unagawa vitambaa bure kwa wakwe na majirani, nikiuza mimi ndiyo nimekuwa mwizi? Umesema uwe mdaa kweli. Haya, utakuwa mdaa kweli. Usije ukanilaumu tena.

Mwanao, Devota


Kisanga, 20 Februari 1994

Devota,

Leo sikusalimii.

Nilikwenda hospitali Kilosa kwa ajili ya mguu, wakanilaza. Nimerudi nakuta kule kijitoni pamevurugwa kama wamepita nguruwe. Majirani wanasema walikuja vijana na pikapu, wakasema "Devota katutuma," wakachimba midaa yote, kila mti pande zote, wakajaza mizizi kwenye magunia wakaondoka. Hakuna shimo hata moja walilofukia. Majani yameanza kunyauka.

Angefanya mgeni ningesema hajui. Wewe nilikufundisha kabla hujang'oka meno ya utoto: tunachimba upande mmoja, upande wa pili tunauacha uulishe mti, tunafukia, na mti huo haturudi kwake mpaka upone. Kufukia ilikuwa kazi yako. Ulikuwa ukishindilia udongo kwa viganja na kuuambia mti pole, sisi wakubwa tukicheka. Leo unatuma watu wasiojua hata kusema pole!

Ule unga ulinivunjia jina, nikasema litajengeka. Sasa chungu changu kimekaa kikavu, na rangi yenyewe sijui kama nitaiona tena kabla sijafa. Nimechukia, Devota. Nimechukia mpaka usingizi unanikimbia.

Mashimo sitayafukia. Si yangu.

Hildegarda


Kisanga, 27 Machi 1994

Mwanangu Devota,

Barua hii siipeleki posta. Naiweka chini ya jiwe kwenye shimo linalofuata, najua utafika hapo.

Ulinyamaza mpaka masika yakaanza. Nilimwambia Agnesi kwamba sina tena binti, naye akainama kuchambua mchele wake, akaanza habari za mvua. Nilishangaa, maana Agnesi si mtu wa kukwepa neno. Leo asubuhi nimeshuka kuteka maji, nikakuta mashimo ya ukingoni yamefukiwa, juu ya udongo kuna alama za viganja, na nyayo zinaelekea kwa Agnesi. Kumbe unalala kwake!

Usijidanganye, bado nimekasirika. Shimo lililo karibu na njia ya ng'ombe umelifukia vibaya, mzizi uko nje, lirudie. Ule mdaa mkubwa umetoa chipukizi upande wa kijito, angalia usilikanyage. Na hii ya kupita nyuma ya nyumba yangu kama mwizi wa kuku, bila hata shikamoo, ni adabu ya wapi?

Mchana kutakuwa na ugali na mlenda. Nawa mikono vizuri kabla hujaingia.

Mama yako