Maana ya Taksiri

Kiruruma

Mjukuu wangu Alinda,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Mama yako anaanika kahawa, na mguu wangu sasa unanifikisha kanisani. Unauliza maana ya taksiri, neno ulilolikuta kitabuni. Mimi nilifundishwa na mwalimu wa kwaya, mtu wa Tanga, kwa kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa msichana. Rafiki yangu Koku alichaguliwa kuanzisha wimbo wa Pasaka, na wivu ukaniunguza, maana niliamini sauti yangu ni nzuri kuliko yake. Mwalimu akanituma nikamwambie kwamba ibada itaanza saa moja badala ya saa tatu. Nilifika kwao, nikamsalimia, nikaondoka bila kumwambia. Kesho yake Koku hakuwapo, nikaanzisha mimi. Aliingia tukimaliza ubeti wa mwisho, akasimama mlangoni na gauni lake jipya.

Baada ya ibada mwalimu akauliza, "Ulimwambia?"

"Hapana. Lakini sikumdanganya."

"Hiyo ndiyo taksiri," akasema. "Neno hilo limetoka Kiarabu, na kasoro ni ndugu yake. Ni kufanya pungufu ya ulivyopaswa, hata kama hukusema uongo."

Jioni nilimwendea Koku, nikamweleza yote. Alinisikiliza akimenya ndizi, kisha akasema, "Ungeniomba, tungeanzisha wote wawili."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mpaka leo Koku akianzisha wimbo, wivu hunichoma kidogo, nami humpokea kwa sauti ya pili.

Ni mimi bibi yako, ninayekukumbuka kila siku.